Wiki ya Mwinyimkondo

Zimwi lile nililitunga mimi, kwa kinywa changu mwenyewe, kwa hiyo sitaki kusikia akilaumiwa mtu mwingine. Nililitunga mwaka themanini na saba, nikalipa jina la Mwinyimkondo, nikalipangia makazi kwenye mkono wa mto unaopita nyuma ya nyumba yetu, Mbwera. Nikasema ana mdomo mpana kuliko uwanja wetu, hana haya wala huruma, na anameza mtoto yeyote anayeshuka dikoni, pale mitumbwi inapoegeshwa, bila mkubwa. Binti yangu Ashura ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea. Miezi mitano kabla ya hapo kaka yake, Maneno, mtoto wa miaka minne, alishuka dikoni peke yake na maji yakamchukua.

Zimwi langu lilifanya kazi. Kina mama wa jirani waliliazima, na kila mmoja akaliongezea lake: wifi yangu Hadija alilipa kucha, mwingine akalipa sauti. Tangu hapo hakuna mtoto aliyezama kwenye diko letu. Nalisema hili waziwazi kwa sababu kule Kibiti, kwenye semina ya walimu wa chekechea, walituambia mtoto asitishwe. Wao wanakaa kando ya barabara ya Lindi. Mto wao unapita mabasi, na basi likija linapiga honi.

Shida ni kwamba shule iko ng'ambo.

Mwaka tisini na mbili Ashura alipitisha mkono juu ya kichwa akagusa sikio la upande wa pili, tena bila kujinyonganyonga, maana yake umri wa shule umefika. Nikamshonea sare. Asubuhi ya kwanza alifika dikoni, akauona mtumbwi wa Mzee Sadallah, mvushaji wetu, ukicheza juu ya maji, akakumbatia nguzo na kupiga ukelele mpaka akatapika. Asubuhi ya pili hakufika hata kwenye nguzo. Mwalimu mkuu akasema basi, aje mwakani. Mwakani kukafika, na safari hii mwalimu aliniletea salamu kupitia Mzee Sadallah: mwisho wa kuandikisha ni Jumatatu, tarehe kumi na moja Januari. Mtoto asipofika, nafasi inapewa mwingine, na Ashura hataandikwa tena, kwa kuwa atakuwa amepita umri.

Nilijaribu njia ya mkato. Nilimkalisha nikamwambia, "Mwanangu, hakuna zimwi. Niliwadanganya."

Akanitazama kwa yale macho yake makubwa. "Basi Maneno alichukuliwa na nani?"

Niliinuka nikashika ufagio. Mimi ambaye watu wa Mbwera wananiogopa mdomo, nilikimbizwa na swali la mtoto wa miaka saba.

Hadija naye alipopata habari alikuja mbio, kanga moja mkononi. "Wifi, ukiliua hilo zimwi, Dulla wangu atalindwa na nani? Mimi niko shambani tangu alfajiri. Au utamfunga kamba?"

Alikuwa na haki, na nilichukia kwamba alikuwa na haki. Dulla alikuwa na miaka mitatu na miguu isiyotulia. Yeye pamoja na Swalehe na Mwanaidi, wa miaka minne na mitano, nilikuwa nawalea uani kwangu wakati mama zao wakipanda mpunga. Hiyo ndiyo ilikuwa chekechea. Zamani ilikuwa ya kijiji, kwenye banda la ofisi, mpaka kijiji kiliposhindwa kunilipa na banda likapangishwa mfanyabiashara wa mitumba. Siku zile kila kitu kilikuwa ruksa, isipokuwa mishahara yetu. Nikawahamishia watoto nyumbani pamoja na ubao wangu na kengele yangu ya ringi ya gari.

Kitu kimoja tu cha semina nilikuwa nakifuata kama ibada: kila wiki iwe na jambo lake. Wiki ya matunda, watoto wanahesabu matunda, wanaimba matunda, wanachora matunda. Ijumaa ile, mwaka mpya, nilikaa barazani na daftari baada ya swala, nikaandika juu ya ukurasa: WIKI YA ZIMWI. Nilifikiri hivi: siwezi kuliua, na siwezi kuliacha. Basi nitawazoesha. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Sisi tulikuwa tumekaa nalo miaka sita na hatujajuana.

Nikapanga. Jumamosi, kuhesabu meno yake. Jumapili, kulipima urefu. Jumatatu, kulipikia. Jumanne, kulitengeneza kwa maboksi ya sabuni na viroba. Jumatano, kulifundisha adabu. Alhamisi, kuliimbia. Ijumaa sikuandika kitu, maana sikujua. Nililiona daftari lile nikajiona mwalimu hasa.

Jumamosi asubuhi niligonga ringi, watoto wakakaa kwenye jamvi. "Haya. Mwinyimkondo ana meno mangapi?"

Swalehe akasema mia. Mwanaidi akasema mia mbili, kwa kumkomoa Swalehe.

Ashura akauliza, "Mama, wewe umewahi kuyaona?"

"Sijayaona."

"Basi tuanze na kile unachokijua."

Nilitaka kumfinya. Lakini swali lilikuwa swali. Ninajua nini? "Najua kwamba anakuja," nikasema, "halafu anarudi kwao."

"Anakuja mpaka wapi?"

Somo langu la meno likafia hapo. Nyumba yetu iko mahali pa juu, na kutoka ukingo wa uwanja kuna mteremko wa tope mpaka dikoni. Nilimwomba Mzee Sadallah, ambaye alikuwa anaziba mtumbwi wake hapo chini, atupigilie vigingi vya mkoko kutoka dikoni kuja juu, hatua tano kwa tano. Vilitosha tisa. Cha kumi tukahesabu jiwe la jiko langu la nje. Nikachana blauzi moja ya mtumba, na Mzee Sadallah akavifunga utepe mwekundu. Sikuvipigilia mwenyewe, na sababu nitaisema: miaka sita sikuwa nimegusa maji ya mto ule yakiwa yanatembea. Nilikuwa nashuka dikoni yakishapwa kabisa, nafanya langu, narudi. Watu walidhani ni maringo ya ualimu.

Tulikaa ukingoni, mbali, tukatazama. Saa nne na ushei Mwinyimkondo akafika kigingi cha tatu, akagusa utepe, akasimama. Watoto wakashikana mikono. Hakwenda cha nne. Alikaa kidogo pale, kisha taratibu akaanza kurudi nyuma, na kigingi kikabaki kinang'aa.

"Ameogopa," akasema Dulla.

"Ameshiba," akasema Ashura, kwa sauti ya mtu anayeandika jambo kichwani.

Jumapili alichelewa, akafika nusu ya njia ya kwenda cha nne. Ashura akachora vigingi kwa mkaa kwenye ukuta wangu mweupe, bila kuniomba ruhusa, na sikumgombeza. Mimi najua maji kujaa na maji kupwa. Nani wa Mbwera asiyejua? Tunayajua kama tunavyojua njaa: inakuja, unapika. Lakini sikuwahi kukaa chini kumtazama akija.

Jumatatu ndiyo siku niliyotaka kuifuta kwenye daftari. Nilikuwa nimeandika kulipikia, na mimi nikiandika nafanya. Tukapika wali kidogo kwenye sufuria ndogo, Mwanaidi akatia chumvi, Swalehe akaonja mara nne. Nikawaambia wali huu ni wa Mwinyimkondo, tutamwekea kwenye kifuu hapa ukingoni, akitaka atakuja mwenyewe. Niliinama kupuliza moto. Nilipoinuka, Dulla hayupo.

Alikuwa ameshafika chini kwenye kigingi cha tatu, kifuu cha wali mikononi, anatembea kwa adabu kama mtoto aliyetumwa kwa jirani. Zimwi alilokuwa analiogopa tangu azaliwe nilikuwa nimemgeuzia mgeni. Na maji yalikuwa yanaingia. Yalikuwa yamekizunguka kigingi kile na yanavuta majani kwa kasi kuelekea juu ya mto.

Nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu nimeapa kutojipamba. Miguu yangu ilikataa. Nilisimama kwenye jiwe la jiko, mdomo wazi, na nikamwona Maneno. Nilimwona mgongo wake na shati lake la njano. Sikuweza hata kuita.

Aliyeshuka ni Ashura. Alishuka mteremko ule akihesabu kwa sauti, "Tisa! Nane! Saba! Sita!" Akapita cha nne, akaingia majini mpaka magotini, akamshika Dulla ukosi, akamgeuza, akapanda naye. Kifuu kilibaki kinaelea. Kikazunguka mara mbili, kikaenda zake na wali wake.

Akamweka Dulla mbele yangu, analia kwa kupoteza wali. Ashura alikuwa anahema. Tope lilikuwa limemganda mpaka mapajani, na yeye mwenyewe alikuwa anayashangaa magoti yake.

"Hukuogopa?" nikamuuliza.

"Nilijua yuko wapi," akasema.

Hadija alipopita kumchukua mwanawe nilimweleza kila kitu, sikuficha. Aliniambia maneno ambayo siyarudii. Akasema Dulla hatakanyaga tena kwangu. Nikamwambia sawa. Aliondoka, nikachukua daftari, nikaukunja ule ukurasa wa Wiki ya Zimwi nitie motoni, na machozi yakanitoka kwa hasira, hasira juu yangu mwenyewe.

Ashura akaushika mkono wangu. "Usichome, mama. Mpango wako mbaya, lakini wiki nzuri."

Mzee Sadallah, aliyekuwa amekuja kuangalia kelele ni za nini, alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaenda mwenyewe kwa Hadija. Sijui walizungumza nini. Najua tu kwamba Jumanne asubuhi Hadija alikuja na Dulla na jembe lake, akaliegemeza jembe ukutani, akakaa kwenye jamvi pamoja na watoto. "Mpunga utanisubiri," akasema. "Mwanangu mimi namshika mwenyewe. Fundisha."

Basi tukafundishana. Maboksi ya sabuni yalibaki maboksi. Jumanne Mwinyimkondo alikuja baada ya adhana ya Adhuhuri, akapita kigingi cha tano. Jumatano alichelewa tena, akafika cha sita. Alhamisi cha saba, karibu sana na cha nane. Dulla alijifunza kuhesabu wiki ile, mtoto wa miaka mitatu, kwa sababu kila kigingi kilichomezwa alikipungia mkono wa kwaheri kwa namba yake. Na sheria waliiweka wao: mtoto hapiti kigingi cha tisa peke yake hata kama Mwinyimkondo amekwenda mbali kiasi gani, maana anayekwenda ndiye anayerudi. Niliwaona wakiisema kwa uso mzito. Hofu ilikuwepo bado, ila sasa ilikuwa na mahali pa kusimama.

Alhamisi jioni Ashura alikwenda kuutazama ukuta wake wa mkaa. Akapima kwa vidole. Akarudi akasema, "Kesho atafika jikoni kwako. Adhana ya Alasiri ikiisha."

"Nani kakwambia?"

"Yeye."

Habari ikazagaa. Ijumaa ni siku ya kupumzika, kina mama hawaendi shamba, na hakuna cha kufanya Mbwera kinachozidi kumcheka mtu. Walikuja kiasi cha kumi na tano, baadhi na watoto mgongoni, wakakaa ukingoni mwa uwanja wangu. Niliwasikia. "Mwalimu kawaita watu kutazama maji." "Lete na bisi." Nilikunja uso, lakini moyoni nilikuwa naogopa kwa ajili ya mwanangu. Zilibaki siku tatu tu kufika Jumatatu. Maji yakimfanya mwongo mbele ya watu, nitamtoa wapi tena?

Maji yalianza kuingia kimya. Tope likatoa mapovu madogo madogo, maelfu, likawa linachemka bila moto. Kaa wakatoka mashimoni, wakapanda mikoko wote kwa pamoja, wekundu, wakakaa juu wakisubiri. Majani makavu yaliyokuwa yamekwenda baharini asubuhi yakarudi yakipanda mto, yanakwenda juu, kinyume, utadhani yamesahau kitu nyumbani. Mikoko ng'ambo ikazama miguu, kisha viuno, kisha ikabaki mabega.

"Moja," wakaanza watoto. "Mbili. Tatu."

Kufika cha sita vicheko vilikwisha. Kufika cha nane kina mama walikuwa wamesimama. Upana wote ule wa maji ulikuwa unatupandia, hauna sauti, hauna haraka, na hakuna mtu duniani anayeweza kuuambia subiri. Samaki wadogo wakaogelea kati ya vigingi vya saba na nane, mahali ambapo asubuhi kuku wangu walikuwa wanachakura. Muadhini akaanza kuadhini. Hakuna aliyekaa. Utepe wa kigingi cha tisa ukaelea, ukalala juu ya maji, ukazama.

Adhana ilipofika mwisho, Mwinyimkondo alinyoosha ulimi mwembamba, unaong'aa, juu ya mchanga wa uwanja wangu, akaligusa jiwe la jiko. Akasimama.

"Kumi," akasema Dulla, peke yake.

"Subhana-Llah," akasema Hadija, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine.

Mimi nimezaliwa pale. Nimeona bamvua, maji makubwa yanayojaa na kupwa kuliko siku nyingine, tangu nilipokuwa mgongoni kwa mama yangu, na siku ile mwili wangu wote ulinisisimka. Kitu kikubwa namna ile, kisicho na mwisho kwa macho, kilikuwa kimetimiza ahadi kwa mtoto wa miaka saba. Kilifika mahali aliposema, saa aliyosema, kikanyamaza miguuni pake. Nilijiona mdogo, na sikuchukia. Nilikuwa nimelitunga zimwi dogo mno.

"Nani anamwita?" Dulla akauliza.

Mzee Sadallah akajibu, "Subiri swala ya Magharibi. Utamwona anatoka upande ule, mwezi mpevu, duara." Watoto wote wakageuka kutazama mashariki, mbingu ikiwa tupu bado.

Ashura hakugeuka. Alikuwa anamtazama Mwinyimkondo aanze kurudi. Alipoanza, akanivuta kanga. "Mama, Jumatatu atakuwa amejaa alfajiri. Kila asubuhi nikifungua mlango namkuta anarudi, na kila siku hajafika mbali. Jumatatu nitamkuta hajaondoka. Atakuwa amesimama. Nataka kupita akiwa amesimama."

Mzee Sadallah akanitazama. "Mimi mtumbwi nimesukuma miaka arobaini," akasema, "na hiyo ndiyo saa ningeichagua."

Jumatatu, tarehe kumi na moja, jua lilikuwa halijatoka tulipofungua mlango. Maji yalikuwa yamejaa mpaka kigingi cha nane, yametulia kabisa, hayaendi huku wala kule. Hadija alikuja na Dulla amemshika mkono, kutusindikiza. Ashura alikuwa na sare ya mwaka jana, imemfupikia. Mzee Sadallah akauleta mtumbwi mpaka kwenye kigingi. Ashura akatoa shikamoo, akainua sketi kidogo, akapanda, akakaa katikati. Alishika kingo zote mbili za mtumbwi.

Nami nikabaki kwenye kigingi cha tisa. Nilikuwa nimepanga kumwandikia mwalimu barua, Mzee Sadallah aipeleke.

"Mama," akasema Ashura. "Amesimama. Panda."

Nilishika bega la Mzee Sadallah nikaingia majini. Maji yalinifika kwenye vifundo vya miguu, na yalikuwa ya vuguvugu. Nikapanda, mtumbwi ukasogea. Sikufumba macho, kwa sababu Ashura alikuwa ananitazama.

Tulipofika katikati akauliza, polepole, bila kunitazama safari hii. "Siku ile ya Maneno. Mwinyimkondo alikuwa anaingia au anatoka?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Miaka yote waliniambia ni kazi ya Mungu, nami nikaitikia.

"Alikuwa anatoka," nikasema. "Kwa nguvu. Ilikuwa bamvua."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua. Sikuwahi kumwambia."

Akafikiri. Kisha akaachia ukingo mmoja wa mtumbwi, mkono wake wa kushoto, akaulaza juu ya mkono wangu. Nyuma yetu, kutoka ukingoni, Dulla alianza kupiga kelele. Sauti yake ilikuja juu ya maji yaliyolala, wazi kabisa.

"Dada Ashura! Ameanza kurudi! Rudini mapema!"